Mkoa Unaomezwa na Wastani: Historia Fupi ya Kuzikagua Modeli za Mvua, Kutokea Songwe

Mwishoni mwa Februari 2024 Rais wa Zambia alitangaza kuwa ukame ni janga la kitaifa. Mahindi yalikuwa yamekauka yakiwa yanatoa mbelewele. Katika msimu huo huo, habari kubwa upande wa Tanzania ilikuwa maji: maporomoko ya tope ya Katesh, wilayani Hanang, Desemba 2023, kisha mafuriko ya Rufiji miezi michache baadaye. Kati ya habari hizo mbili uko mpaka wa Tunduma na Nakonde, ambao mtu huuvuka kwa miguu akaenda kununua sukari na kurudi kabla chai haijapoa. Ilipofika katikati ya mwaka, serikali hizo mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba Tanzania iiuzie Zambia tani 650,000 za mahindi.

Anayesoma habari hizo bila ramani atadhani kwamba mawingu hukaguliwa pasipoti. Sivyo. El Niño, yaani kule kupata joto kwa maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta, ina desturi ya kuiletea Afrika Mashariki mvua nyingi na kuinyima mvua Kusini mwa Afrika. Katikati ya desturi hizo mbili kuna mstari usioonekana, unaopita karibu na latitudo ya nyuzi 10 kusini, na ambao kila mwaka huchagua upya mahali pa kukaa. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, umekaa juu ya bawaba ya mlango huo. Mlango ukifunguka kuelekea kaskazini au kusini, Songwe haijui mapema itakuwa upande gani.

Nimeanza na mahindi kwa sababu wanafunzi wangu wengi hudhani kwamba suala la kukagua modeli za kompyuta za sayansi ya dunia ni la wenye maabara huko ng'ambo. Modeli hizo ndizo zinazonukuliwa katika mipango yetu ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, katika maandiko ya kuombea fedha za mabwawa, na katika hesabu za bima ya mazao. Mtumishi wa halmashauri hukabidhiwa sentensi moja, kwamba mvua itaongezeka au itapungua kwa asilimia fulani, naye huinakili katika ukurasa wa kwanza wa mpango wake. Ni nani aliyeikagua hiyo asilimia? Aliikagua kwa macho gani? Historia ya pembe hii ya nchi ina mengi ya kusema kuhusu swali hilo, na haianzi na kompyuta.

Inaanza na ramani. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba ambao Wazanzibari wanaukumbuka kwa kubadilishana kisiwa cha Heligoland. Katika mkataba huo mpaka wa Ujerumani ulifuata ufuko wa Ziwa Nyasa hadi kwenye mlango wa mto Songwe (na hapo ndipo ulipoanzia ubishi wa ziwa lile ambao haujaisha hadi leo), kisha ukapanda na mto hadi unapokutana na longitudo ya nyuzi 33 mashariki. Waliotia saini hawakuwa wameuona mto huo. Walikuwa na karatasi, na karatasi ile ilikuwa modeli kwa maana kamili ya neno: dunia iliyopunguzwa, iliyosawazishwa, iliyoachiwa yale tu ambayo mchoraji aliyaona muhimu. Ilibidi mwaka 1898 tume ya pamoja ya wapimaji itembee kwa miguu kati ya Nyasa na Tanganyika ili karatasi ikutanishwe na ardhi, na makubaliano mapya yakafuata mwaka 1901. Huo ndio ukaguzi wa modeli wa kwanza ninaoujua katika eneo hili. Ulifanyika miaka 8 baada ya modeli kuwa sheria.

Hata hivyo mto wenyewe haukusaini chochote. Songwe ya mpakani, inaposhuka kwenye tambarare za Kyela na Karonga, hujipinda na kuhama mkondo baada ya mafuriko, na mkulima aliyelala Tanzania anaweza kuamka shamba lake liko ng'ambo. Isitoshe, kuna Songwe mbili. Moja ndiyo hiyo inayomwaga maji yake Ziwa Nyasa. Nyingine inatokea upande wa Mbeya na kuelekea Ziwa Rukwa. Jina ni moja, lakini maziwa ni mawili, na moja halina uhusiano na jingine. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Ziwa Rukwa nalo lilikuwa na somo lake. Joseph Thomson alipolifikia mwaka 1880 alilibatiza jina la Leopold, mfalme wa Ubelgiji, jina ambalo kwa bahati njema halikudumu. Rukwa ni ziwa la kina kifupi lisilo na mto unaotoka. Linachopewa na mvua na mito hulirudishia jua. Kwa hiyo ni kipimamvua kikubwa ambacho hakikutengenezwa na mtu. Mwaka 1929 urefu wake ulikuwa takriban kilometa 48. Mwaka 1939 ulikuwa takriban kilometa 128. Hebu tufikirie ofisa aliyeombwa kutaja urefu wa wastani wa ziwa hilo kwa muongo ule. Angeweza kujibu kwa hesabu sahihi kabisa, na jibu lake lisingefanana na ziwa lolote ambalo mvuvi alipata kuliona. Ziwa Nyasa lilikuwa na kisa chake: kati ya miaka ya 1915 na 1935 hivi maji yake yalishuka hata mto Shire, unaotoka humo, ukakoma kupokea maji ya ziwa. Maziwa mawili jirani, kila moja likiwa na kalenda yake.

Maji ya Rukwa yanaporudi nyuma huacha mbuga za nyasi, na katika mbuga hizo nzige wekundu huzaliana. Baa la nzige lililoanza mwaka 1930 na kudumu hadi mwaka 1944 lilikuwa na chimbuko lake huko Rukwa na Mweru wa Ntipa, likatapakaa sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara. Shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu liliundwa mwaka 1949, makao yake yakiwa Abercorn, leo Mbala, mwendo mfupi kutoka Tunduma. Wataalamu wa nzige walilazimika kuitazama mbuga moja moja, msimu kwa msimu. Wastani wa nchi nzima usingewaambia nzige wako wapi.

Wenzao wa karanga hawakujifunza hivyo. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ulizunguka kwa muda wa wiki 9 hivi, sehemu kubwa kwa ndege, ukapendekeza kulima zaidi ya ekari milioni 3.2 za karanga katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini. Kumbukumbu za mvua za Kongwa zilikuwa chache mno, lakini wastani uliotokana nazo ulionekana kutosha. Wastani haukusema kwamba mvua ya Kongwa yaweza kunyesha yote kwa siku chache kisha ikatoweka, wala kwamba udongo ule ukikauka huwa mgumu kama sakafu, karanga zikagoma kung'oka. Mpango ulitelekezwa Januari 1951, na serikali ya Uingereza ikafuta hasara ya pauni milioni 36. Wanahistoria wamelaumu matrekta, wakalaumu kiburi cha wakoloni, na wote wana haki. Mimi naongeza lawama moja ndogo: hakuna aliyeichora ile mvua siku kwa siku akaitazama.

Kuchora kungehitaji vipimo. Wajerumani walitandaza vipimamvua katika boma, misheni na mashamba, na Vita Kuu ya Kwanza ikazikata kumbukumbu zao. Mwaka 1929 Waingereza waliunda idara ya pamoja ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki, makao makuu Nairobi. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na vyombo na majalada yake. Tanzania ikaja kuwa na Wakala wa Hali ya Hewa mwaka 1999, nao ukawa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019. Katika mapito hayo vituo vingi vilinyamaza. Kipimamvua ni chombo cha bei nafuu kuliko simu ya mkononi, lakini kinahitaji mtu wa kukisoma kila siku saa 3 asubuhi, hata siku za sikukuu, hata miezi ambayo posho haijafika. Nisingependa jambo hili lipitwe haraka. Modeli yoyote hukaguliwa kwa kulinganishwa na kitu, na kitu hicho, mwisho wa yote, ni yule mtu na daftari lake.

Tangu miaka ya 1980 pengo hilo limezibwa kwa sehemu na setilaiti. Takwimu za CHIRPS, kwa mfano, zinazotayarishwa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, huunganisha picha za mawingu na vipimo vya ardhini kuanzia mwaka 1981, katika visanduku vya takriban kilometa 5. Zaidi ya hapo kuna modeli zenyewe.

Modeli ya tabianchi huigawa anga, bahari na ardhi katika visanduku, kisha huvikokotolea joto, upepo, unyevu na mvua kwa kanuni za fizikia, hatua kwa hatua, kwa miaka mia na zaidi. Katika kizazi cha modeli kilichotumiwa kwenye ripoti za kimataifa za miaka ya 2010, kisanduku kimoja kilikuwa na upande wa kilometa 100 hadi 200 au zaidi. Kisanduku cha kilometa 200 kwa 200 kina kilometa za mraba 40,000. Mkoa wa Songwe mzima haufiki 28,000. Ndani ya mkoa huo na kandokando yake kuna Ziwa Rukwa lililo karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari, nyanda za kahawa za Mbozi zinazozidi mita 1,400, milima ya Ileje, na ukishuka kuelekea Kyela unafika Ziwa Nyasa lililo chini ya mita 500. Kompyuta huvichukua vyote hivyo, ikavikanda, ikatoa mwinuko mmoja. Rukwa na Nyasa hukutana. Songwe mbili huwa moja.

Sasa jinsi ya kukagua. Njia iliyozoeleka ni ya alama: chukua mvua ya modeli, ilinganishe na iliyopimwa, toa namba moja ya makosa, upange modeli kama wanafunzi kwenye matokeo ya mtihani. Njia hii ni ya haraka, na ina hatari ambayo mtakwimu Francis Anscombe aliionyesha mwaka 1973 kwa mfano wa kuchekesha. Alitunga mafungu 4 ya takwimu yenye wastani uleule, mtawanyiko uleule na uhusiano uleule. Alipoyachora, moja lilikuwa wingu la kawaida, la pili upinde, la tatu mstari ulioharibiwa na nukta moja, na la nne safu iliyosimama wima. Namba zilisema ni ndugu wanne. Macho yalikataa.

Lakini mchoro uliotulia kwenye karatasi hujibu swali moja tu, lile aliloliuliza mchoraji. Hatua iliyofuata ilikuwa kumpa mtazamaji mkono ndani ya mchoro. Mwaka 1987 Richard Becker na William Cleveland, wa maabara za Bell nchini Marekani, walieleza mbinu waliyoilinganisha na brashi: unapopaka nukta kadhaa katika mchoro mmoja, nukta zilezile hubadilika rangi papo hapo katika michoro mingine yote iliyo kwenye skrini. Wazo ni jepesi, na nguvu yake ni kubwa. Miaka iliyofuata watafiti wa Ulaya, wakiwemo kundi la Helwig Hauser huko Bergen, Norway, na wale wa kituo cha sayansi za dunia cha GFZ, Potsdam, waliipeleka mbinu hiyo kwenye takwimu za tabianchi na modeli za bahari. Ndiyo ninayoiita uchambuzi wa michoro shirikishi. Kompyuta hufanya hesabu, mtu huchagua, hutilia shaka, hupekua, na kila anachokigusa mahali pamoja humwonyesha athari yake kwingine.

Acha niieleze kwa kisa cha darasani. Nilikuwa nimewapa wanafunzi modeli kadhaa, nisizozitaja hapa, wazikague kwa mvua ya Tanzania. Modeli moja iliongoza kwa alama: jumla yake ya mwaka ilikaribiana sana na vipimo. Kijana mmoja wa Momba akauliza kwa upole, "Mwalimu, hii mvua ya mwezi wa kumi inanyesha wapi? Kwetu mwezi wa kumi ni vumbi na moto wa mbuga." Tuliweka kwenye skrini ramani upande mmoja na mchoro wa miezi upande wa pili. Alipopaka visanduku vya kaskazini, mchoro wa miezi ulitoa nundu mbili, vuli na masika. Alipopaka vya nyanda za juu kusini magharibi, ulitakiwa kutoa nundu moja, kuanzia Novemba hadi Aprili, kama taarifa za TMA zinavyoeleza kila mwaka kuhusu mikoa ya msimu mmoja. Modeli ilikuwa na nundu hiyo, lakini iliianza mapema mno kusini, na ikanyesha pungufu kaskazini. Makosa mawili yalipeana mkono katika wastani wa taifa yakapata alama ya juu. Kijana hakuwa mjuzi wa hesabu kunishinda. Alikuwa amelima.

Mfano mzito zaidi, na ulio karibu nasi kuliko tunavyodhani, ulichapishwa mwaka 2018 na Callum Munday na Richard Washington wa Chuo Kikuu cha Oxford. Ilijulikana kwamba modeli nyingi zinanyeshea Kusini mwa Afrika mvua kupita kiasi katika miezi ya Desemba hadi Februari, na kwamba zinatofautiana sana zenyewe kwa zenyewe. Wao hawakuishia kwenye alama. Walizitenganisha modeli zenye mvua nyingi na zenye mvua kiasi, wakauliza upepo wake unapita wapi. Tofauti ilionekana kwenye unyevu unaoingia kutoka kaskazini mashariki na kukutana na milima ya Tanzania na Malawi. Katika dunia halisi milima hiyo huuzuia upepo kwa kiasi kikubwa. Katika modeli ambazo visanduku vyake vimeisawazisha milima, upepo hupita kama lori lililokuta geti la mizani liko wazi, na unyevu wake ukaenda kunyesha huko kusini. Kwa maneno mengine, kosa la mvua ya nchi kadhaa lilifuatiliwa hadi kwenye milima ya pande zetu, kwa sababu kompyuta iliifanya mifupi.

Sidai kwamba walitumia brashi ya Becker na Cleveland. Nasema mantiki ni ileile: gawanya, tazama, unganisha na sababu. Chombo shirikishi huiwezesha mantiki hiyo kufanywa na mwanafunzi kwa alasiri moja badala ya mwaka mmoja wa kuandika programu. Mwaka huohuo wa 2018 Rachel James na wenzake, wakiwemo watafiti wa taasisi za Afrika, walichapisha makala ya kudai kwamba modeli zikaguliwe kwa jicho la Kiafrika, yaani kwa michakato inayoleta mvua yetu, si kwa vigezo vilivyotungwa kwa ajili ya mabara mengine. Ilikuwa sehemu ya programu ya utafiti iliyogharamiwa na Uingereza, ambamo pia mradi wa UMFULA ulizitazama Tanzania na Malawi kwa pamoja na kukuta kwamba modeli zaidi ya 30 hazikubaliani hata kama mvua itaongezeka au itapungua. Programu hiyohiyo ilizaa modeli ya Afrika nzima yenye visanduku vya takriban kilometa 4.5. Humo radi huanza kufanana na radi. Modeli za visanduku vikubwa zina tabia ya kunyesha adhuhuri, wakati kila mama wa Mbozi anajua kwamba kahawa iliyoanikwa hukimbiliwa alasiri na jioni.

Hapa pana siasa. Mwaka 2021 jopo la kimataifa la IPCC lilitoa Atlasi shirikishi, ambayo yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua, kubofya, kubadili miezi, kubadili modeli. Ni zawadi kubwa, na ninawahimiza wasomaji waitumie. Lakini fungua ukurasa wake wa maeneo. Sehemu kubwa ya Tanzania imewekwa katika fungu moja na sehemu za Kenya na Somalia, ilhali sehemu kubwa ya Zambia na Malawi iko katika fungu jirani la kusini. Songwe, yenye msimu mmoja wa mvua unaofanana na wa Zambia, hupewa namba iliyokorogwa pamoja na mvua mbili za Mogadishu. Hata ule utata mashuhuri wa Afrika Mashariki, kwamba masika zilipungua tangu miaka ya 1980 wakati modeli zinatabiri ongezeko, si utata wetu sana huku, maana Machi hadi Mei si moyo wa msimu wetu. Mpaka wa 1890 ulichorwa na watu wasioujua mto. Mipaka ya mafungu haya ilichorwa na wataalamu wenye nia njema na sababu za kitaalamu, nao pia ilibidi wachore mahali fulani. Atlasi inakuruhusu kubofya ndani ya fungu na kutazama ramani ya kisanduku kimoja kimoja. Tatizo ni kwamba anayenakili asilimia kwenye mpango wa wilaya habofyi.

Nyumbani tunacho chombo cha aina hiyo. Utaratibu uitwao ENACTS, uliobuniwa pamoja na taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia ukaanzia Ethiopia, uliletwa TMA, ukaunganisha vipimo vya vituo vyetu vyenyewe na setilaiti, na kuviweka kwenye vyumba vya ramani mtandaoni ambamo mtu huchagua eneo lake na kuona historia ya mvua yake. Takwimu hizo zina vituo ambavyo hazina za kimataifa huwa hazivioni. Ninachokisikitikia ni lugha. Vyombo hivi vimeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na ofisa ugani ambaye ndiye mwenye swali bora kuliko sisi sote huishia kwenye ukurasa wa kwanza.

Nisije nikaonekana mhubiri wa skrini. Macho nayo hudanganyika. Rangi za upinde wa mvua, zinazopendwa sana kwenye ramani za tabianchi, huchora kingo kali mahali ambapo takwimu hazina kingo yoyote. Na brashi mkononi mwa mtu mwenye jibu tayari ni hatari: atapaka, atafuta, atapaka tena, mpaka apate modeli tatu zinazosema anachotaka mfadhili, kisha aziite modeli bora kwa eneo husika. Nimeona andiko la namna hiyo. Lilikuwa na michoro mizuri. Kwa hiyo huwataka wanafunzi waandike swali lao kabla ya kufungua chombo, na waeleze kila uchaguzi walioufanya, pamoja na ile iliyowaangusha. Alama ya namba moja, kwa ubaya wake wote, haibembelezeki kirahisi hivyo.

Jambo hili lina uzito wa saruji. Tanzania na Malawi zimekuwa na mpango wa pamoja wa kuendeleza bonde la mto Songwe, bonde la kilometa za mraba takriban 4,200, na mwaka 2017 zilitia saini mkataba wa kuunda kamisheni ya bonde hilo. Ndani ya mpango huo kuna bwawa la Songwe ya Chini, lenye lengo la kuzalisha umeme wa megawati 180 hivi, kumwagilia mashamba, kupunguza mafuriko na kuutuliza ule mkondo unaohamahama na mpaka. Bonde zima linaingia karibu mara 10 ndani ya kile kisanduku cha kilometa 200 kwa 200. Anayesanifu bwawa lazima akadirie mvua ya miaka 50 ijayo, na makadirio hayo lazima yatoke kwenye modeli kisha yateremshwe hadi kwenye bonde. Mwananchi wa Ileje ana haki ya kuonyeshwa modeli zipi zilichaguliwa, zipi ziliachwa, na katika hizo zilizochaguliwa upepo wa kaskazini mashariki unafanya nini ukifika milimani. Ni maswali ya mkutano wa hadhara. Yanaweza kuulizwa kwa Kiswahili, mbele ya ukuta mweupe na projekta.

Muhula uliopita yule kijana wa Momba alirudi kutoka likizo na daftari la babu yake. Mzee huyo alikuwa mtunza stoo wa chama cha msingi cha ushirika, na kwa miaka mingi aliandika tarehe ya mvua ya kwanza ya kupandia, pamoja na neno moja la maelezo: njema, danganyifu, imechelewa. Kuna miaka isiyo na kitu, na ukurasa mmoja umeliwa na mchwa. Tulizipanga tarehe zake juu ya mchoro wa miezi, pembeni ya setilaiti na modeli 6. Mahali ambapo mzee ameandika "danganyifu", setilaiti mara nyingi inaonyesha mvua ya siku mbili tatu kisha ukavu wa wiki kadhaa. Modeli 4 kati ya 6 hazina miaka ya namna hiyo kabisa, zikianza kunyesha haziachi. Wanafunzi wanabishana iwapo kosa ni la ukubwa wa visanduku au la jinsi modeli zinavyoanzisha mawingu, na wiki ijayo tutaanza kupaka mwaka mmoja mmoja, tukianzia ile ambayo mzee alipanda mara mbili.